Jipange kwa ajili ya dakika tatu utakazokuwa mjinga

Mwaka wangu wa pili kama msimamizi wa zamu leba, usiku mmoja, mama aliyekuwa amejifungua salama dakika 10 tu kabla alianza kuvuja damu. Si ile ya kawaida. Ilishuka kitandani ikagonga sakafu, na sauti ile ukishaisikia huisahau. Wakunga watatu na mwanafunzi mmoja wakanigeukia. Nikafungua mdomo nikasema: "Leteni kile… kile kitu! Haraka!"

Kitu gani? Hata mimi sikujua. Neno lilikuwa limenitoka. Mmoja akakimbilia kabati, wa pili akamfuata kwenye kabati lilelile, wa tatu akabaki ananikodolea macho. Mwanafunzi kasimama na chupa ya dripu mkononi kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiyemjua. Aliyetuokoa ni mkunga mmoja mtu mzima wa wodi ya jirani. Alisikia vurugu, akaingia, akaanza kutoa maagizo kwa sauti ya mtu anayeulizia saa. Mama alipona. Mimi nilimaliza zamu, nikaandika ripoti, nikaenda nyumbani, na kwa wiki kadhaa kila nikifumba macho nilijisikia nikisema "kile kitu".

Somo nililolichukua mwanzoni halikuwa somo. Nilijiambia mimi ni laini, kiongozi wa leba anatakiwa awe jiwe. Basi nikawa jiwe. Karibu mwaka mzima nilifoka, nilinuna, nilijibu maswali kwa jicho. Zamu yangu ikawa kimya sana, nami nikaudhani ukimya ule ni nidhamu. Kumbe watu walikuwa wameacha kuniambia mambo.

Ninayoandika hapa niliyajifunza baada ya hapo, na yote yanatoka kwenye jambo moja: ukibanwa, akili yako itapungua. Yangu inapungua, ya daktari bingwa inapungua, na yako unayeongoza ofisi, timu ya mpira au darasa itapungua vilevile. Usiweke matumaini kwenye siku ambayo haitapungua. Panga kazi yako ili ile kidogo itakayobaki itoshe.

Anza kwa kujua presha inaharibu nini

Mwaka 1908 watafiti wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, na panya aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Tofauti ya rangi ilipokuwa wazi, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka zaidi. Tofauti ilipofanywa kuwa ndogo, yaani kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwavuruga, na ya wastani ndiyo iliyowafaa.

Binadamu si panya, lakini niliposoma habari hiyo niliuona usiku wangu. Kuvaa glovu wakati wa dharura hakukunishinda hata siku moja. Kuchoma sindano hakukunishinda. Kilichonishinda ni kufikiri: nianze na nini, nimtume nani, nimesahau nini. Presha huiacha kazi rahisi na kuitafuna ile ngumu. Kwa hiyo kazi ya kiongozi, siku ambazo hakuna presha, ni kuyachukua yale magumu moja moja na kuyafanya rahisi kabla saa yake haijafika.

Wapo wanaojisifu kwamba wao hufanya kazi vizuri zaidi wakibanwa. Nimefanya kazi na kadhaa. Wengi wao, nionavyo mimi, hawaanzi kazi mpaka wabanwe, na hilo ni jambo jingine.

Kisha zijue dalili zako mwenyewe. Adrenalini ikipanda kila mtu ana mlango wake wa kuchanganyikiwa. Mimi masikio huziba, nikawa nasikia watu kama wako chumba cha pili. Macho hunasa kitu kimoja na kukiganda. Dalili ya tatu sikuigundua mwenyewe. Nilimuuliza mwenzangu ninayemwamini, naye akacheka kwanza: "Sista, ukianza kusema 'sawa, sawa, sawa', sote tunajua hapo hujui kinachoendelea." Alisema kweli. Sasa "sawa" ya tatu ikinitoka najua nimezama, na najua cha kufanya. Tafuta mtu kama huyo umuulize swali hilohilo. Usimuulize bosi wako wala anayekuogopa. Muulize aliyewahi kukuona ukihangaika.

Sentensi ya kwanza iwe tayari mdomoni

Kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hiki. Nimekaa na karatasi nikaandika mambo matatu mabaya zaidi yanayoweza kutokea kwenye zamu yangu. Mbele ya kila moja niliandika sentensi nitakayoitamka kwanza, neno kwa neno. Ya kuvuja damu ni hii: "Mama anavuja damu, mimi naongoza, saa ni ngapi?" Basi. Ni maneno machache lakini yanafanya kazi tatu kwa mpigo. Yanalitaja tatizo ili wote wawe kwenye jambo moja, yanamtaja anayeongoza, na lile swali la saa linamfanya mtu mmoja aanze kuandika muda. Tena swali la saa hunipa mimi sekunde tatu za kuvuta pumzi, siri ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Wanasaikolojia wameichunguza sana mipango ya namna hii, "ikitokea hivi, nitafanya vile". Peter Gollwitzer ni mmoja wa walioandika zaidi kuihusu tangu miaka ya 1990. Nguvu yake ni kwamba uamuzi unakuwa umefanyika zamani, umekaa unangoja tukio liuite. Ila uitamke kwa sauti. Sentensi uliyoisoma kimoyomoyo mara 50 bado ni ngeni kwa ulimi. Mimi nilijifunza yangu nikipiga pasi.

Yako inaweza kuwa: "Mfumo umeanguka, mimi naongoza, nani wa mwisho kuugusa?" Au, kwa anayesimama mbele ya kikao kilichochafuka: "Nimesikia mmekasirika. Nitajibu maswali matatu sasa, mengine nitayajibu kesho saa nne." Sentensi nzuri ni fupi, haina lawama ndani yake, na inampa mtu mwingine kitu cha kufanya.

Baada ya sentensi hiyo huja maagizo, na hapo nina sheria moja ambayo wanafunzi wangu wanaichoka: agizo lisilo na jina ni yatima. "Mtu alete damu!" maana yake hakuna atakayeleta, au watakimbia wawili, kama usiku ule. Sema jina, sema kitu, kisha ungoje akurudishie. Tuseme nataka kanula, kile kimrija cha dripu kinachoingia mshipani: "Rehema, kanula ya pili, mkono wa kushoto." Rehema anajibu: "Kanula ya pili, mkono wa kushoto." Akimaliza anasema: "Imeingia." Marubani na wanajeshi wanaongea hivyo kwenye redio, nasi tunaongea hivyo leba. Mara ya kwanza utajiona kama unaigiza. Vumilia. Faida yake kubwa si adabu: kila neno likirudi, kichwa chako kinatua mzigo mmoja.

Mikono yako iache

Hapa ndipo wenye ujuzi mkubwa wanapokwama, kwa sababu wanaweza kuifanya kazi vizuri kuliko waliotumwa. Karibu na kujifungua, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Ukiona mkunga mchanga anahangaika na mshipa wakati saa inakimbia hivyo, kila kiungo chako kinataka kumsukuma kando. Ukifanya hivyo, chumba kimebaki bila kiongozi.

Tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines namba 401 ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wakaanza kuishughulikia ile balbu. Wakati wote wamezama humo, ndege ilikuwa inashuka polepole gizani bila mtu kuona, mpaka ikaanguka kwenye kinamasi. Watu 101 walikufa. Balbu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeungua.

Mimi husimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma. Kihalisi: nashika kifundo changu cha mkono kwa mkono wa pili. Nikisimama pale naona uso wa mama, naona dripu, naona sakafu, naona nani hana kazi. Nikilazimika kugusa, kwa sababu tuko wachache au kwa sababu mimi ndiye ninayekiweza kitu hicho, natangaza: "Naacha uongozi kwa dakika mbili, Rehema naongozwa na wewe." Ukiongoza ofisi, kugusa ni kukaa kwenye kompyuta ya mwenzako na kumwandikia barua yake wakati wateja 40 wanapiga simu.

Kuhusu pumzi sitasema mengi, imeshaandikwa kupita kiasi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hushusha mapigo ya moyo kidogo, na pumzi mbili tatu zinatosha. Shida ni kwamba ukichanganyikiwa hutakumbuka. Kwa hiyo ifunge kwenye jambo ambalo mikono itafanya tu. Kwangu ni glovu: ya kushoto navuta pumzi, ya kulia naitoa polepole. Wewe tumia kitasa cha mlango au kile kitendo cha kuvuta kiti.

Karatasi haina aibu

Mkunga yeyote anajua sababu nne za damu kuvuja: mji wa mimba umelegea, kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, kuna mchaniko, au damu yenyewe haigandi. Nilizijua tangu chuoni, ningeweza kukutajia nikiwa usingizini. Usiku ule zilinitoka zote. Sasa zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, usawa wa macho yangu ninaposimama miguuni mwa kitanda. Nilizipinga mwanzoni. Niliona karatasi ni ya wanafunzi.

Kilichonibadilisha ni orodha ya usalama wa upasuaji ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za nchi mbalimbali, tajiri na maskini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Si dawa mpya wala mashine. Ni ukurasa mmoja wa maswali ambayo kila mpasuaji angekwambia anayajua. Na moja ya mambo yanayotakiwa ni kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Nilicheka niliposoma hilo, halafu nikakumbuka kwamba sikujua jina la mwanafunzi aliyeshika dripu.

Orodha iwe fupi. Yetu ya kwanza ilikuwa na mistari 22 na haikusomwa na mtu. Tumeipunguza hadi saba. Iandike na watu watakaoitumia. Na vifaa vipangwe kwa mpangilio uleule: kwenye sanduku letu la dharura kitu cha kwanza kutumika ndicho cha kwanza juu, hakuna kufukua.

Fanyeni mazoezi, na yawe ya kuudhi

Mazoezi ya kupanga tarehe, chai mezani na watu wamevaa vizuri, hayafundishi sana. Anza hivyo, kwa sababu mtu asiyezijua hatua ukimshtua unamfundisha hofu tu. Zikishaingia, ongeza uzito kidogo kidogo. Ondoa mtu mmoja. Zima taa moja. Mwambie mwenzako acheze ndugu wa mgonjwa anayelia mlangoni. Fanyeni chumba kilekile cha kazi, saa ileile mbaya, kwa dakika 10 tu, halafu watu warudi kwenye shughuli zao.

Zoezi letu la kwanza la kushtukiza lilikufa sekunde ya 40. Kabati la dawa lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa mtu aliyekwenda kula. Nilikuwa nimepanga kupima uwezo wa vijana. Kilichopimwa ni utaratibu wangu mimi wa funguo, nao ulifeli. Nilisema hivyo mbele ya wote, na tukacheka, na nadhani siku ile ndiyo watu walianza kuniamini tena. Kwenye mazoezi ya mwanzo, kosa la kwanza kutajwa liwe la kiongozi. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na sisi wakunga tunalijua hilo kuliko wote.

Habari mbaya ikufikie ikiwa bado changa

Nirudi kwenye ule mwaka wangu wa kuwa jiwe. Kilichouvunja ni mwanafunzi mmoja aliyemwona mama anabadilika rangi akakaa kimya karibu robo saa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Nilidhani Sista ameshaona." Hakudhani hivyo. Aliniogopa. Bahati njema mama yule alikuwa na kizunguzungu tu.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume, timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipochimba, alikuta hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Zile nyingine zilikuwa zinaficha.

Sheria niliyojiwekea ni ndogo mno. Mtu akiniletea habari mbaya, neno langu la kwanza ni "asante". Hata kama kaikosea, hata kama mimi nilishaiona. Maswali yafuate baadaye. Inauma kuisema siku umechoka, na utajikuta unaisema huku umekunja uso. Uso nao ufundishe. Ilinichukua miezi, na nadhani bado sijafuzu.

Uchovu ni jambo la kuhesabiwa kwa saa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Dawson na Reid wa Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya majaribio ya umakini sawa na aliye na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna moyo wa chuma unaofuta hilo. Kwa hiyo nina orodha ya maamuzi nisiyoyafanya asubuhi baada ya zamu ya usiku: kumwadhibu mtu, kupanga ratiba ya mwezi, kujibu ujumbe ulioniudhi. Yanangoja nilale. Katika miaka yote hii hakuna hata moja lililoharibika kwa kungoja muda wa saa sita.

Baada ya tukio, kabla watu hawajatawanyika

Dakika 10, mkiwa bado mmesimama. Tulitarajia nini? Nini kimetokea? Kwa nini kikatofautiana? Tubadilishe nini kesho? Saa na matukio kwanza, hisia baadaye, na lawama hazina kiti. Aliye mdogo kwa cheo aanze kusema, kwa sababu mkubwa akishasema wengine watarudia maneno yake.

Kuna siku ambazo mambo hayaendi vizuri hata mkifanya yote sawasawa. Siku hizo maswali manne hayatoshi. Nimelia kwenye chumba cha mashuka zaidi ya mara moja, na nimewahi kwenda kwa mshauri nasaha wiki ya tatu ya kukosa usingizi. Nilichelewa, ningekwenda wiki ya kwanza. Ukiona mtu wako anacheka sana baada ya tukio baya, au ameanza kubadilishana zamu ili asikutane na chumba fulani, usingoje akuambie. Mwite, kaa naye, na usimwambie awe na nguvu.

Miezi michache iliyopita damu ilivuja tena, karibu saa ileile ya usiku, mama mwingine. Aliyeona kwanza ni mwanafunzi, akasema kwa sauti: "Sista, hii ni nyingi." Nikasema asante. Nikasema sentensi yangu. Glovu ya kushoto, glovu ya kulia. Masikio yaliziba kama kawaida, na "sawa" ya pili ilinitoka, nikainua macho ukutani nikasoma mstari wa kwanza. Mji wa mimba ulikuwa umelegea. Rehema alikuwa ameshaanza kuukanda.

Kwenye dakika zetu 10 mwanafunzi ndiye aliyeanza. Alisema kila kitu kilikwenda, ila yeye aliyepewa kuandika saa hakuwa na kalamu, akaandika kwa damu kidoleni juu ya karatasi ya glovu. Akatuonyesha: nyakati tatu, zimepangwa moja chini ya nyingine, zinasomeka vizuri kabisa. Kabla ya kutoka zamu nilichukua kalamu, nikaifunga kwa kipande cha bandeji kwenye mshikio wa sanduku la dharura, mafundo mawili.